Bodi ya shule Chicago: nitajuaje mgombea gani anasimama wapi?

MamaTatu_RP aliandika:

Habarini za jioni wanajukwaa, wakubwa shikamooni. Naombeni msaada wa mawazo hasa nyie mlioko huku Chicago. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Rogers Park mwaka wa nane sasa, mwaka jana ndo nimeapa uraia kwa hiyo hii Novemba 3 napiga kura kwa mara ya kwanza tangu nije huku. Kura ya gavana na ya seneta hainisumbui, TV inaongea mchana na usiku. Kinachonitoa jasho ni bodi ya shule. Kila nikitoka shifti nakuta vipeperushi vimechomekwa mlangoni na picha zote ni ile ile, mgombea kazungukwa na watoto meno yote nje, na maneno matamu kama kashata. Mmoja anasema kila mzazi awe na haki ya kuchagua shule. Mwingine shule imara kila mtaa. Wa tatu yeye atalinda hela za walipa kodi. Sasa jamani hapo nani anataka shule mbovu au hela zipotee?? Na karatasi ya kura haiandiki chama, hakuna cha Demokrati wala Ripablikani, ni majina tu.

Mkubwa wangu kaingia darasa la saba anazitaka hizi shule za mchujo zinazochukua watoto kwa alama, wa kati Kiingereza bado kinampiga chenga, wa mwisho ndo kwanza kaanza chekechea, kwa hiyo haya mambo yananigusa kila kona. Halafu kuna polisi shuleni, kuna shule za chata, hizi za umma zinazoendeshwa na taasisi binafsi kwa mkataba, kuna habari za kufunga shule zenye watoto wachache. Sitaki kuambiwa mchague fulani, nataka kuelewa. Na jirani yangu mwenye grini kadi ananiuliza kama na yeye anaruhusiwa.

Mtu_wa_Clark alijibu:

Hongera kwa uraia mama. Mimi Mkenya, niko kwa LSC ya shule ya watoto wangu, yaani lile baraza la shule, muhula wa pili huu, so haya maneno nimeyasikia mpaka nayaota.

Kabla ya yote huyo jirani mwambie asijaribu kabisa. Hata kujiandikisha tu asijiandikishe, hata kama mtu wa leseni ya gari amempa fomu akamwambia saini hapa na hapa. Kura ya bodi ni ya raia peke yake na mtu wa grini kadi akiingia kwa hiyo rejista anaweza kupoteza nafasi ya uraia na hata kurudishwa nyumbani. Ana mlango wake mwingine, nitaufikia.

Sasa bodi. Hii kitu ni mpya, ndio maana hata Wamarekani wenyewe wamechanganyikiwa usijione mshamba. Miaka yote meya ndo aliteua bodi nzima, Chicago ilikuwa wilaya pekee ya shule Illinois ambayo wananchi hawachagui. Sheria ikabadilishwa 2021, uchaguzi wa kwanza ukaja Novemba 2024 lakini nusu mkate, kumi wakachaguliwa na 11 wakateuliwa na meya Brandon Johnson. Mwaka huu ndo viti vyote 21 viko kwa kura, 20 vya maeneo na kimoja cha rais wa bodi anayepigiwa na jiji zima. Kwa hivyo utachagua mara mbili, rais na mtu wa eneo lako.

Kuna kambi mbili zenye pesa. Moja ni chama cha walimu, CTU, na kumbuka meya mwenyewe alikuwa mwalimu halafu akafanya kazi kwa hicho chama. Ya pili ni watu wa chata na wa chaguo la mzazi, nao wana vikundi vyao vya kuchanga. 2024 kati ya wale kumi, wanne walikuwa wa CTU, watatu wa upande wa chata, watatu wakaingia kivyao akiwemo yule rapa Rhymefest. Kwa hivyo ukipata kipeperushi tafuta kwanza maandishi madogo kabisa pale chini, yale ya kusema nani amelipia. Hiyo ndo habari, picha achana nayo.

Nikikutafsiria hivyo vyako: "haki ya kuchagua" maana yake chata zibaki au ziongezeke na shule za mchujo zisiguswe. "Shule imara kila mtaa" maana yake shule ya mtaa ipate nesi, mshauri, mwalimu wa muziki kwanza hata kama watoto ni wachache, wengine wasubiri. Desemba 2023 bodi ya wakati huo ilipitisha azimio la kuegemea upande huo na hapo ndo moto uliwaka, wazazi wa shule za mchujo wakaona zao zinanyongwa. "Nitalinda hela", huyo muulize kuhusu ule mkopo.

Mkopo wenyewe ni huu, 2024 meya alitaka wilaya ikope dola milioni 300, sehemu iende kwa mkataba wa walimu na sehemu, kama milioni 175, iende kwa pensheni ya wafanyakazi wa jiji ambao wengi wako mashuleni ingawa mfuko ni wa jiji. Mkurugenzi wa shule za wilaya, Pedro Martinez, akakataa. Oktoba bodi yote, watu saba, wakajiuzulu siku moja, wakaletwa wengine, Desemba wakamfuta Martinez. Ikafika Agosti 2025 bajeti ina tundu la milioni 734 na bodi mpya ikapitisha bajeti bila mkopo, 12 wamekubali 7 wamekataa. So yeyote aliyekuwa kwa hiyo bodi na anaomba kura tena, jibu lake liko kwa rekodi tayari, hahitaji kukuhutubia.

Mzee_wa_Devon alijibu:

Mtu wa Clark umeeleza vizuri ila chumvi umeimwaga upande wako bana. "Wengine wasubiri" ndo nini? Mimi binti yangu yuko chata toka darasa la tano na sijuti. Shule ya mtaani kwetu wakati ule mwalimu wa hesabu alikuwa anabadilika kama shuka la gesti, mtoto anamaliza mwaka hajui kagawanya nini. Chata haina ada, inalipwa na kodi hizi hizi, unaingia kwa bahati nasibu. Nikiambiwa pesa ziende kwanza shule ya mtaa ipone nauliza itapona lini, binti yangu akiwa bibi?

Ila haki itendeke, chata nazo zina lao. Oktoba 2024 Acero, hao wanaoendesha chata, walitangaza wanafunga shule saba kati ya 15 zao, wazazi wamekaa wanakula chakula cha usiku wanasikia shule haipo. Na chata haina LSC kwa hiyo hakuna hata pa kwenda kulia, mpaka wazazi walipoandamana ndo bodi ikakubali kuzichukua tano ziwe za wilaya. Kwa hiyo mgombea wa upande wangu namuuliza moja tu: mkataba wa chata ukiisha utauongeza miaka mingapi na kwa masharti gani. Akianza kuniambia habari za uhuru wa mzazi najua hajasoma hata mkataba mmoja.

Mama, kwa huyo mkubwa wako mwaka ndo huu usije ukalala. Shule za mchujo za sekondari ziko 11, nusu ya alama ni maksi za darasa la saba na nusu ni mtihani. Asilimia 30 ya nafasi zinakwenda kwa alama tupu jiji zima, 70 zinagawanywa kwa ngazi nne kufuatana na hali ya mtaa unaoishi, na ugomvi wa wagombea mwingi uko kwenye hizo ngazi, wengine wanaona zinawaonea waliosoma sana na wengine wanaona bado hazitoshi. Mtoto wa mkimbizi aliyeingia nchini yuko la saba na Kiingereza cha kuombea maji ndo maksi zake hizo hizo zinahesabiwa, hilo sijasikia mgombea kaligusa.

Na basi. Toka 2023 basi la shule limebaki la watoto wenye ulemavu na wasio na makazi ya kudumu, wengine mjue wenyewe. Sasa mgombea anakwambia una haki ya kuchagua shule ng'ambo ya jiji, muulize mtoto anafika na nini, ungo?

Polisi mimi nawataka warudi. Februari 2024 bodi ilipiga kura watoke shule zote ilipofika mwaka mpya wa masomo, hata zile ambazo LSC yao ilikuwa inawataka. Hapo hao wa "sauti ya mtaa" walikuwa wapi?

Mtu_wa_Clark alijibu:

Mzee hiyo ya polisi umenishika, hata mimi ambaye sikuwataka niliona wangeachia kila shule iamue. Lakini kijana wangu mweusi mrefu wa futi sita sitaki akichelewa darasa kesi iandikwe na mtu mwenye pingu. Tukubali hapo hatukubaliani.

pole_pole_ndo_mwendo alijibu:

Mnachosha. Bili yangu ya kodi ya jengo zaidi ya nusu inaenda mashuleni na sina hata mtoto mmoja huko. Nampa kura atakayeishusha, kwisha habari.

MamaTatu_RP alijibu:

Kaka pole_pole hata sisi wapangaji tunailipa hiyo, mwenye nyumba anaishindilia kwenye kodi ya pango na hatuletewi hata bili ya kulalamikia 😅

Wengine asanteni mno, nimesoma mara mbili. Huo ungo umeniua. Mzee kumbe na wewe wa chata una maswali, nilidhani ukiwa kambi fulani ndo umemaliza.

MamaFuraha_Uvira alijibu:

Jambo ba mama na ba papa. Mi ni mama wa ku Uvira, tulifika hapa Chicago na batoto tano. Kiswahili yangu ni ya kwetu musiniseke. Naona munasema mambo ya chata na mambo ya makuta, ya pesa, lakini hakuna mutu anasema jambo ya luga.

Mwaka wa kwanza mutoto wangu alikuwa analeta makaratasi ya Kiingereza na ya Kispanyole, mi ninaziweka tu ku kabati, zikajaa. Siku moja wakaniita ku shule, kutafsiri wakamuita mutoto mwenyewe, mutoto wa miaka kenda! Akaniambia mama, mwalimu anasema niko mayele sana. Nilifurahi mpaka nikapika kuku. Kumbe mwalimu alikuwa anasema mutoto haandikake kazi ya nyumbani hata siku moja. Nilikuja kujua kisha miezi tatu na ile kuku tulishakula.

Kisha mutu mumoja wa kanisa yetu akatufasiria sheria ya hapa Illinois. Kama shule moja iko na batoto 20 ao zaidi ba luga moja banaojifunza Kiingereza, shule inapashwa kubawekea programu ya luga mbili, bafundishwe na luga yabo wakati Kiingereza inakomaa. Kama habafike 20 banasaidiwa na njia ingine ndogo. Sasa batahesabiwa namna gani? Siku ya kuandikisha mutoto banakupa karatasi inauliza ku nyumba munasema luga gani, na ba mama bengi banaandika Kiingereza juu ya haya, bengine Kifaransa, bengine Kibembe, Kifuliru, na hii yote ni batoto banaosema Kiswahili moja ku kiwanja cha mupira. Njo unasikia shule inasema hatuna Baswahili hapa, iko batano tu.

Kwa hiyo mgombea mi namuuliza mwalimu wa Kiswahili utamutoa wapi, na karatasi ya shule itafika ku nyumba yangu na luga gani. Ya chata na ya mukopo munaweza kubishana miaka kumi.

Na ule jirani wa grini kadi, ku LSC habaulize uraia. Mi sina bado uraia na Aprili nilichagula, ba mama sita tulienda pamoja. LSC njo inachagula direkta wa shule. Kwetu komite ya bazazi ilikuwa ya kuhesabu primu ya walimu tu, hapa mama wa mukimbizi anainua mukono direkta anabaki ao anaenda. Niliona ni ndoto.

Mtu_wa_Clark alijibu:

Mama Furaha hiyo ndo nilikuwa naahidi kuifikia na umeisema kunishinda, na hiyo kuku imenimaliza kabisa 😂

Niongeze kidogo tu. LSC ina wazazi sita, wakazi wa mtaa wawili, walimu wawili, mfanyakazi mmoja asiye mwalimu na mkuu wa shule, sekondari wanaongezwa wanafunzi. Mkataba wa mkuu wa shule ni miaka minne na sisi ndo tunaupigia kura, na bajeti ya shule inapita kwetu. Kule kwetu Kenya BOM, yaani bodi ya shule, inaundwa huko juu, mzazi unaskia majina tu kwa mkutano wa kufungua shule. Hizi LSC ziko toka sheria ya 1988 na kura zake ni kila miaka miwili, Aprili ya miaka kama 2024, 2026, so jirani ajiandae 2028, na mikutano yenyewe iko wazi anaweza kukaa hapo hata wiki ijayo.

MamaTatu, namna ya kuchimba wagombea: websaiti ya bodi ya uchaguzi ya jimbo la Illinois inaonyesha nani amempa nani shilingi ngapi, andika jina tu. 2024 vyombo vya habari vya Chalkbeat, WBEZ na Sun-Times viliwauliza wagombea wote maswali yale yale, majibu yakawekwa pamoja, na walioingia bodi wakati huo unaweza kulinganisha walichoandika na walivyopiga kura baadaye. Inafurahisha sana hiyo kazi, chukua chai.

Na usikubali maswali ya "unaonaje kuhusu", hayo mwanasiasa anayaogelea. Muulize ungepiga ndio au hapana. Kwa mfano kufunga shule, hii ndo kubwa na watu wameilalia. 2013 meya wa wakati huo Rahm Emanuel alifunga shule 50 kwa mpigo mmoja, nyingi mitaa ya watu weusi, na jeraha halijapona. Septemba 2024 bodi ikapitisha kwamba hakuna kufunga mpaka 2027. Na hawa tunaowachagua wanaapa lini? Januari 2027. Yaani hilo rungu linaangukia mikononi mwao moja kwa moja, na hakuna kipeperushi hata kimoja nimeona kimeliandika.

Mzee_wa_Devon alijibu:

Hilo la 2027 nilikuwa sijalipigia hesabu. Ngoja nimpigie mtu wangu.

MamaTatu_RP alijibu:

Nimerudi jamani wiki mbili zimepita nilikuwa nabadilishiwa shifti. Jumamosi nimeenda kwenye mkutano wa wagombea maktaba, nimebeba swali la Mama Furaha kwenye karatasi maana nikisimama mbele za watu Kiingereza changu kinakimbia. Nikauliza hivi: eneo letu lina watoto wangapi wanaoongea Kiswahili, mwalimu wao yuko wapi, na Januari mkikalia viti shule yenye watoto wachache utapiga ndio ifungwe au hapana.

Wa kwanza akanisifia swali, akaanza kusimulia bibi yake alivyokuja na meli kutoka Poland bila kujua neno hata moja la Kiingereza, dakika zake zikaisha tuko bado baharini. Wa pili akasema siku hizi simu zinatafsiri kila kitu. Nikamwangalia tu, maana hiyo simu nishaitumia, niliandika mtoto ana mafua ikapeleka ujumbe mwalimu akanipigia akidhani tuna msiba. Wa tatu akasema namba hajui, akatoa daftari akaniuliza shule zipi, akaandika, na kwenye kufunga akasema chini ya watoto kadhaa angepiga ndio na akataja na kwa nini. Sikulipenda jibu lake hata kidogo kwa sababu shule ya wa mwisho wangu ni ndogo. Lakini kajibu.

Kwenye zile hesabu za michango huyo wa daftari sijaona hela ya kambi yoyote kubwa, mingi ni dola hamsini hamsini. Wa simu zinatafsiri yeye amejaa. Bado sijaamua, na ya rais wa bodi ndo sijaigusa kabisa. Ila Jumanne wa daftari kanipigia, anauliza kama kuna akina mama wa Kiswahili anaweza kukaa nao. Mama Furaha nisamehe nimekutaja.

MamaFuraha_Uvira alijibu:

Umefanya muzuri. Aje siku ya posho, njo munaita Jumamosi, kisha saa nane, sombe itakuwa na ba mama ba ku jengo yetu nitabaita. Mutu wa kutafsiri atafute mutu mukubwa. Batoto babaki inje banacheza.